Mgongo wa Sajenti Emong

Vitabu vya mazishi vilifika kijijini Moding saa mbili asubuhi, juu ya pikipiki kutoka Malaba, vimefungwa kwa kamba ya katani. Petronilla alichomoa kimoja kabla mtu mwingine hajavigusa, akaenda kukaa kwenye kiti cha plastiki nyuma ya jikoni, akasoma maisha ya mume wake.

Kurasa mbili za kwanza hazikuwa na kasoro. Paulinus Emong alijiunga na jeshi mwaka 1984 na kustaafu akiwa sajenti. Mume wa mke mmoja, baba wa watoto wanne, babu wa wajukuu tisa. Kwenye ukurasa wa tatu akakutana na sentensi ambayo alikuwa ameomba mara mbili isiandikwe: "Akiwa Sierra Leone mwaka 2000, marehemu aliumia mgongo, akaokolewa na rafiki yake Koplo Mathews Odeke, aliyembeba kwa siku mbili hadi kambini."

Yote yalikuwa kweli, isipokuwa kwamba aliyebeba na aliyebebwa walikuwa wamebadilishana nafasi.

Ukweli Petronilla aliujua kutoka kinywani mwa Paulinus. Gari lao la doria lilitumbukia mtoni pamoja na daraja bovu. Mathews alivunjika mguu wa kushoto, na homa ikampanda siku hiyo hiyo. Paulinus alimtia mgongoni, akatupa kila kitu kilichokuwa kwenye mkoba wake isipokuwa karatasi chache, akatembea naye kwenye matope siku mbili nzima. Mguu wa Mathews ulipona. Mgongo wa Paulinus haukupona. Alilazwa miezi minne Nairobi, na alipoteremka Malaba alikuwa amepinda kama mtu anayetafuta sindano sakafuni.

Mathews alikuwa ametangulia kufika nyumbani, na hadithi alikuwa ameshaisimulia kwa namna yake. Watu walipomwona Paulinus amepinda, hawakuhitaji ushahidi mwingine. Katika soko la Chakol, Mathews akaitwa Ambulensi. Paulinus wakamwita Mzigo.

Petronilla alitaka kupiga kelele siku ile ile. Paulinus alimkataza. Mathews alikuwa amekuja kwake alfajiri, akalia kama mtoto. Alikuwa amepata mchumba, na baba wa msichana alimkubali kwa sababu ya hadithi hiyo. Angefanyaje sasa?

"Nikisema, nyumba yake itavunjika kabla haijajengwa," Paulinus alimwambia mkewe. "Acha aoe kwanza."

"Na wewe?"

"Mimi nina nyumba tayari."

Hivyo ndivyo alivyokuwa. Nyumba kwake ilikuja kabla ya kila kitu, hata nyumba ya mtu mwingine. Alipokuwa kambini, kila mwisho wa muhula Petronilla aliwasimamisha watoto juu ya karatasi, akachora nyayo zao kwa penseli na kuzituma kwa posta. Paulinus alikwenda na karatasi hizo dukani, na viatu vilivyorudi havikumbana mtoto wala kumpwaya. Akiwa likizoni alifua sare za shule mwenyewe, akazipiga pasi ya makaa mpaka mikunjo ikasimama kama ya gwaride. Majirani walimcheka. Aliwaambia kwamba jeshini hakuna mwanamke wa kumfulia mtu nguo, na hajasikia jeshi limekufa kwa uchafu.

Mathews alioa. Akapata watoto, akafungua duka la vifaa vya ujenzi Malaba, akachaguliwa mwenyekiti wa chama cha wanajeshi wastaafu. Hadithi ilikua pamoja naye. Siku mbili zikawa tatu, mto ukapata mamba. Kila Jumamosi wanaume walipokaa kuzunguka chungu cha ajono, ile pombe ya wimbi inayonywewa kwa mirija mirefu, Mathews alikaa kando ya Paulinus na kusimulia, na Paulinus alinyonya mrija wake kimya. Jambo moja tu alilidai. Mirija yao miwili ikiwa ndani ya chungu kimoja, alimwapisha Mathews: siku Paulinus akizikwa, Mathews atasimama mbele ya jeneza na kusema nani alimbeba nani.

Hakukuwa na shahidi wala maandishi. Mtu aliyetia saini kwa kila risasi aliyopewa miaka yote ya jeshini hakuona haja ya saini ya mtu anayekunywa naye chungu kimoja. Kwao, kumdai karatasi mwenzako wa chunguni ni kumtukana. Kwa hiyo alikwenda nyumbani ameridhika, akamwambia Petronilla, "Odeke ameapa. Usiseme wewe. Mwachie aseme mwenyewe, ndipo itakuwa na maana." Na Petronilla akaahidi.

Aliyelipia ukimya huo ni Morris, mtoto wao wa kwanza. Akiwa na miaka kumi na minne alirudi kutoka shule kola imechanika, amepigana kwa sababu ya kuitwa mtoto wa Mzigo. Paulinus alishona kola ile. Tangu siku hiyo Morris hakuongozana na baba yake kwenda sokoni tena. Alipata kazi Eldoret, na kwa miaka kumi alikuja nyumbani mara tatu. Leo alikuwa hapo, mtu mzima wa miaka thelathini na mitano, anapanga viti chini ya turubai huku akikwepa kutazama jeneza. Petronilla alimwona kupitia upenyo wa ukuta wa jikoni. Asipousikia ukweli leo, alijiambia, mwanangu atarudi Eldoret akiamini amemzika mzigo.

Mathews alifika saa nne, suti nyeusi, medali kifuani. Alikuja moja kwa moja nyuma ya jikoni.

"Shemeji, pole tena. Umeona kitabu? Hata picha imetoka vizuri."

"Nimeona ukurasa wa tatu."

Mathews alitazama viatu vyake. "Hiyo iko tu vile watu wanajua."

"Uliapa, Mathews."

"Sijakataa. Lakini kitabu ni kitabu, kinaenda mbali. Mimi nitasema kwa mdomo. Ngoja zamu yangu ifike."

Alisema kwa upole sana, na Petronilla, ambaye alikuwa na kila sababu ya kutomwamini, alimwamini. Mtu aliyefiwa hushika chochote anachopewa.

Zamu yake ilifika baada ya misa. Mzee Olinga, msemaji wa ukoo, alimkaribisha kwa jina la utani, na watu wakapiga makofi. Mathews aliweka mkono juu ya jeneza.

"Huyu mzee alikuwa mzito, jameni," alianza. "Ule ugali wa jeshi si mchezo. Siku ya pili nikamwambia, Emong, tukifika nyumbani utaninunulia ng'ombe. Mpaka leo sijaona hata mkia."

Turubai zima likacheka. Petronilla hakucheka, alikuwa anangoja. Alijua mzaha ni njia ya kuingilia, na kwamba mtu mwenye jambo zito huanza mbali. Mathews alisimulia mto, akasimulia mamba. Akatoa kitambaa, akafuta macho, na macho yenyewe yalikuwa na machozi kweli. Akasema hatapata rafiki kama huyo. Kisha akainama, akakaa.

Kwisha.

Ndipo Petronilla alipoelewa kwamba mtu huyu hakusahau wala hakuogopa. Alikuwa amepiga hesabu kwamba aliyemdai amekufa, na mjane amefungwa na ahadi. Alikuwa amekula kiapo ambacho alijua siku yake ikifika hatakuwepo wa kukidai. Kuna wizi ambao mahakama haiujui, na huu ni mmojawapo: kumngoja mwenzako afe ili kilicho chake kiwe chako kabisa.

Kilibaki kitu kimoja. Katika ukoo wa Emong, mrija wa marehemu hukabidhiwa na mjane kwa yule aliyekuwa akikaa kando ya mumewe chunguni. Anayeupokea ndiye atakayeulizwa habari za marehemu miaka yote, na neno lake ndilo litakalobaki. Mzee Olinga alimwita Petronilla, akamwita na Mathews. Mathews alisimama, akafunga kifungo cha koti, akanyoosha mikono miwili kwa heshima.

Petronilla alikuwa na mrija mkono wa kushoto. Kwa mkono wa kulia alifungua Biblia yake, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne. Ilikuwa mojawapo ya zile Paulinus alizozibakisha mkobani.

"Kabla sijatoa mrija," alisema, "kuna karatasi moja haijasomwa. Shemeji Mathews, umetusimulia ya marehemu. Tusomee na hii."

Mathews aliikunjua. Upande wa kwanza ulikuwa na unyayo wa mtoto, umechorwa kwa penseli. Alitabasamu. Akageuza. Tabasamu halikuondoka mara moja, lilikaa pale usoni kama kitu kilichosahauliwa na mwenyewe.

"Macho yangu siku hizi," alisema.

"Miwani iko kwa mfuko wako wa shati."

Mtu mmoja nyuma alicheka.

"Shemeji, haya si mambo ya hapa."

"Uliniambia ningoje zamu yako. Nimengoja."

Mathews aliikunja karatasi, mara moja, mara mbili, akaipeleka kwenye mfuko wa koti. Mkono wake haukufika. Morris alikuwa ametoka kwenye viti, ameushika kifundoni.

"Hiyo ni yangu, mzee," alisema. "Huo unyayo wa mbele ni wangu. Nilikuwa na miaka kumi na moja."

Alisoma kwa sauti, akikwama kwenye mwandiko wa baba yake. Upande wa nyuma kulikuwa na mguu mwingine, mguu wa mtu mzima, mpana kuliko kawaida, na chini yake maneno: "Stoo. Mguu wa kushoto wa Koplo Odeke. Umevunjika na kuvimba, kiatu hakiingii. Nimembeba jana na leo. Naomba kiatu namba kumi na mbili. Sajenti P. Emong." Tarehe. Chini kabisa, wino tofauti: "Nimepokea kiatu. M. Odeke." Na saini.

Saini ile kila mtu Moding aliijua. Iko kwenye risiti za duka lake.

Hakuna aliyezomea. Mzee Olinga alivua kofia, akaivaa tena. Mke wa Mathews, ambaye aliolewa kwa nguvu ya hadithi ile, alikuwa amekaa safu ya pili. Alifungua kitabu cha mazishi kwenye ukurasa wa tatu, akakitazama kwa muda mrefu.

"Mrija," Mzee Olinga alikumbusha, kwa sauti ya chini.

"Aliyekaa kando yake sijamwona hapa," Petronilla alisema, akaulaza mrija juu ya jeneza.

Hakuhisi ushindi. Alikuwa amevunja ahadi aliyompa mume wake, na ukweli uliopaswa kutoka kinywani mwa rafiki ulikuwa umetolewa kwa kukabwa. Na Paulinus hakuusikia. Miaka ishirini na minne alikwenda sokoni ameinama, akiitikia jina ambalo halikuwa lake, akingoja neno moja la mtu mmoja. Mwanawe alisimama karibu na jeneza, karatasi mkononi, akipitisha kidole kwenye mstari wa penseli kuzunguka mguu mdogo, na hakuweza kuinua kichwa.

Ratiba ilisema wabeba jeneza ni sita, na jina la Mathews Odeke lilikuwa la kwanza. Wenzake watano walishika mishikio. Mathews alisogea, labda kwa sababu hakujua afanye nini kingine, akashika wa sita. Padre akaanza sala. Wale watano hawakuinua. Walisimama wameinama, mikono kwenye mbao, bila kumtazama. Sala ikaisha. Bado hawakuinua.

Walingoja mpaka akaachia. Morris akashika mahali pake, wakanyanyua.