Mbio za Kasongo na Viatu vya Wakwe

Nimekimbia marathoni moja tu maishani, hapa Kasongo, na sijawahi kuona ujinga mwingi namna ile umekusanywa nyuma ya kamba moja.

Tuanze na urefu wake. Waliita marathoni, watu wa mitaani wakaita marato, lakini hakuna aliyejua ni mbali kiasi gani. Kamati ilimtuma mwendesha pikipiki mmoja apite njia yote na kusoma kilomita. Kila mtu Kasongo anajua kwamba kwenye pikipiki zetu ile sindano ya kilomita ndiyo kitu cha kwanza kufa. Yule bwana alizunguka mji, akarudi na vumbi hadi kwenye nyusi, akawaambia, "Iko mbali ya kutosha." Kamati ikaridhika. Rais wake, mtu mnene mwenye filimbi shingoni na kipaza sauti mkononi, akatangaza sokoni kwamba njia imeshapimwa kitaalamu.

Mimi ni mwalimu. Nimezaliwa Kabambare na ninafundisha Kabambare. Mke wangu ndiye wa Kasongo, wa nyumba ya wafanyabiashara wanaojiita waungwana, na wanalitamka neno hilo utadhani walilinunua wao peke yao. Baba yake ana duka la vitenge na sabuni karibu na soko. Tangu nimwoe binti yake, mzee huyo hajawahi kuniita mwanangu, wala kulitaja jina langu. Kwake mimi ni "ule mutu ya Kabambare". Mimi ni Mwislamu kama yeye, naswali kama yeye, na Kurani nilihitimu kabla ya vijana wake wote. Haikusaidia kitu. Kwake mtu wa Kabambare ametoka porini juzi na bado ana majani kichwani.

Kwenye maziko ndipo dharau hiyo ilipovaa kanzu. Watu wa ukoo ule, wakifika makaburini, huvua viatu kwenye kichwa cha njia na kuingia pekupeku. Lazima mtu abaki avilinde, maana viatu vya msibani hapa mjini huondoka bila mwenyewe. Kila walipozika, baba mkwe alininyooshea kidole mbele za watu wote: "Weye wa Kabambare, bakia na viatu." Bega langu halikuwahi kuingia chini ya jeneza lao. Mguu wangu haukuwahi kushuka kaburini kumpokea maiti wao. Nilisimama juani na makubadhi ya watu wazima, mengine yananuka vibaya, mimi mwalimu, baba wa wajukuu zake. Nilimchukia, niseme wazi.

Katika nyumba ile alikuwamo mtu mmoja tu wa maana, mdogo wake baba mkwe, fundi cherehani. Huyu aliniita mwalimu. Nikifika alinisogezea kiti, akaniuliza habari za mama yangu na za shule, kisha akasubiri jibu. Mwaka ule alikuwa mgonjwa, hashoni tena. Watoto wake wa kiume walikuwa machimboni, mbali, wamekaa huko mpaka wamesahau njia ya kurudi.

Basi niliposikia kwamba siku ya mbio wazee wa heshima watakaa chini ya turubai uwanjani, mbio zinapoanzia na kuishia, na baba mkwe miongoni mwao, nikaamua. Nilitaka mtu wa Kabambare afike wa kwanza mbele ya Kasongo nzima, na yule mzee alazimike kusimama apige makofi. Sikutaka kingine chochote. Zawadi wangeweza kuipeleka popote walipotaka.

Nilijizoeza miezi, alfajiri, kwetu Kabambare, kwenye barabara ya Lusangi, huku watu wa machimbo wakiniuliza ni nani ananifukuza. Nilikuja Kasongo kwa pikipiki, na sehemu kubwa ya safari pikipiki ndiyo iliyokuja kwa mimi kuisukuma. Baba mkwe alinilaza stoo, katikati ya makatoni ya sabuni. Nikaondoka kabla hajaamka.

Uwanjani walitufungia nyuma ya kamba, wakatupa vitambaa vya namba vya kubandika kifuani. Rais wa kamati akatangaza sheria: anayetoka nje ya kamba kabla ya filimbi amejitoa mwenyewe. Halafu tukamngoja mkubwa wa serikali. Hakuna mbio bila mkubwa, na hakuna mkubwa anayefika kwa saa. Jua lilipanda. Vijana waliokuja na nguvu za kupasua ukuta wakaanza kukaa chini, kisha kulala. Mmoja alikuwa amevaa mabuti ya mpira, akatueleza kwamba miguu ikilowa jasho huteleza vizuri na mtu huenda mbio zaidi. Walikuwapo waendesha pikipiki ambao hawajatembea hatua mia tangu wajue kuendesha. Na alikuwapo mgeni mmoja kutoka mji mkubwa, miwani myeusi, kaptula ya kubana, nyaya masikioni, akijinyoosha na kujikunja peke yake kana kwamba tunampiga picha.

Baba mkwe nilimwona mapema. Alikaa chini ya turubai, kanzu nyeupe, fimbo katikati ya magoti. Nikafurahi. Lakini jua lilipokuwa kali nikatazama tena, nikakuta kiti chake kitupu. Adhuhuri ikaadhiniwa. Sisi tuliswali hapo hapo kwenye nyasi, kwa kuogopa sheria ya kamba, na kiti bado kitupu. Nikajua amekwenda kula. Wali wake ulikuwa na thamani kuliko miguu yangu.

Mkubwa akafika, akashuka garini, akasoma hotuba ndefu kuhusu amani, afya na barabara. Ndiyo, barabara, na neno hilo aliweza kulisema bila kucheka. Kisha filimbi.

Walitoka mbio, vumbi likafunika kila kitu. Nikawaacha waende. Tulipofika kwenye ukuta wa misheni, wengi walikuwa tayari wamejishika mbavu. Mabuti ya mpira yalikuwa mikononi mwa mwenyewe. Waendesha pikipiki wawili walikuwa wamekaa kwenye kibaraza cha duka, wanakunywa soda, na wakanipungia mkono bila aibu. Akina mama waliotoka shamba na mizigo kichwani walitembea sambamba na wakimbiaji wa mwisho, na sikuona tofauti kubwa ya mwendo. Kufika njia ya uwanja wa ndege nilibaki na kundi dogo la vijana wa mitaa ya karibu na msikiti. Mbele yetu alikuwa yule mgeni peke yake, na nilimwona mgongo wake unaanza kuchoka. Nilijua nitamkamata. Nilijua vilevile kwamba kiti ni kitupu, nikazidi kukimbia, kwa ukaidi.

Hapo penye njia panda, ambapo njia ya makaburi inakata njia ya mbio, kulikuwa na kamba nyingine, na watu wawili wa kamati wenye fulana za njano. Nyuma ya kamba, katikati ya jua, lilisimama jeneza.

Lilikuwa mabegani mwa wazee. Wazee peke yao, wanne chini yake na wachache nyuma. Hapa kwetu jeneza halitembei na wabebaji wanne. Mtu yeyote akutanaye nalo njiani huingia chini yake, hubeba hatua kadhaa, akiguswa begani na mwingine hutoka na kumpisha, na hivyo jeneza hupita juu ya mji mzima bila kumchosha mtu. Lakini siku hiyo mabega yote ya Kasongo yalikuwa yamefungiwa nyuma ya kamba yakimngoja mkubwa. Hao wakuu wa kamati ni wazaliwa wa hapa. Wamezika hapa baba zao na mama zao. Wakakusanya vijana wote wa mji, wakaifunga njia ya makaburi, na hakuna hata mmoja aliyejiuliza, je, mtu akifa?

"Mungojee kidogo, wazee," fulana ya njano ilikuwa ikisema. "Marato ipite kwanza."

"Muko na wazimu?" mzee mmoja akafoka. "Tunabeba mutu!"

"Ni amri ya président, mzee."

Yule mgeni alifika kwanza. Akatazama jeneza, akatazama kamba, akapita mbele yao bila hata kuzitoa nyaya masikioni. Wazee walimtazama akienda jinsi mtu anavyomtazama mbuzi aliyepita mbele ya imamu.

Mimi nilikuwa hatua chache nyuma yake. Ndipo nikamwona mzee aliyekuwa chini ya mkono wa mbele wa jeneza, upande wa kulia. Kanzu nyeupe, imelowa mgongo mzima. Fimbo hana. Mdomo wazi, anatafuta pumzi. Alikuwa baba mkwe.

Nilisimama. Njia ilikuwa wazi mbele yangu, na mgongo wa mgeni pale pale, karibu. Nikamwuliza, "Ni nani, baba?"

Hakunitazama. "Mudogo wangu."

Fundi cherehani. Alikuwa amefariki asubuhi ile. Walimwita baba mkwe kutoka kwenye turubai, wakamwosha maiti, wakamvika sanda, wakamswalia, na muda wote huo mimi nilikuwa nyuma ya kamba, mwendo mfupi tu kutoka msikitini. Hakuna aliyeona haja ya kuja kuniambia. Mtu pekee wa nyumba ile aliyenisogezea kiti, na mimi nikawa nakimbia barabarani na namba kifuani kama ng'ombe wa mnada. Machozi yalinitoka, na kwa jasho lile hakuna aliyeyajua.

Nilimgusa begani. Alisita, nikadhani atanielekeza kwenye viatu. Kisha akainama, akatoka, nikaingia mahali pake.

Wale vijana wa msikitini wakafika nyuma yangu, na hakuna aliyewaambia kitu. Waliingia mmoja mmoja, wakiwagusa wazee mabega na kuwatoa. Kamba ilikatika, au mtu aliikata, sijui, na fulana za njano zikajifanya zinatazama kwingine. Tukaenda. Jeneza huenda haraka, maana maiti hacheleweshwi, na miguu yetu ilikuwa bado na mbio ndani yake. La ilaha illallah, mguu huu, la ilaha illallah, mguu ule, bega linaguswa, mtu anatoka, anazunguka nyuma, anarudi. Tangu asubuhi, zile ndizo zilizokuwa mbio za kwanza nilizoziona Kasongo. Watu wenye miguu mizuri namna ile, na kamati ikaona kazi inayowafaa ni kuwazungusha sokoni.

Rais wa kamati alitufuata amepakiwa kwenye pikipiki, kipaza sauti mdomoni. "Murudi! Munatoka kwenye circuit! Nyiye wote muko disqualifiés!" Alitutoa mashindanoni hivyo, nyuma ya maiti, kwa kipaza sauti. Dereva wake ndiye aliyeona haya, akazima injini, akavua kofia na kumwacha abiria wake akipiga kelele juu ya pikipiki iliyosimama. Baadaye nilisikia kwamba yule mgeni alifika mwisho akakuta turubai nusu tupu, kwa sababu habari za msiba zilikuwa zimeenea na watu wameondoka. Mkubwa alimpa mkono. Wawili hao hawakukosa kivuli.

Makaburini wazee walivua makubadhi kwenye kichwa cha njia, kama kawaida yao. Mimi nilivitupa viatu vyangu vya mbio hapo hapo, kimoja huku, kimoja kule, nikaendelea na jeneza. Sikungoja kidole. Kama angeninyooshea siku ile, nadhani ningemjibu maneno ambayo mkwe hajibiwi.

Kaburini palihitajika watu wa ndani wenye nguvu. Watoto wa marehemu hawakuwapo. Wazee walitazamana. Nilishuka mimi na kijana mmoja wa ukoo, bila kuulizwa na bila kumwuliza mtu. Nilimpokea fundi upande wa kichwa, nikamlaza kwa ubavu wa kulia, nikalegeza fundo la sanda, yote kama nilivyowaona wakifanya miaka hii yote kutoka mbali. Alikuwa mwepesi sana. Namba ya mbio ilikuwa bado kifuani mwangu. Nikaing'oa, nikaikunja mfukoni, nisimwaibishe.

Nilipopanda juu, udongo ulianza kurudishwa, nami nikaenda kutafuta viatu vyangu. Pale nilipovitupa havikuwapo.

Baba mkwe alikuwa amesimama kwenye kichwa cha njia, peke yake, mahali pangu pa siku zote. Miguu haikuwa na nguvu ya kumfikisha mbele zaidi. Makubadhi ya wenzake alikuwa ameyapanga mbele yake, mawili mawili. Viatu vyangu vya mbio alivishika mkononi, vyekundu kwa vumbi, vimelowa jasho, mbali kidogo na kanzu yake kwa sababu ya harufu.

"Vyako hivi," alisema.

"Asante, baba. Nakuja."

Nikaenda kwanza kwenye ndoo ya maji. Nilinawa mikono polepole, kidole kwa kidole, na nilipomaliza nikanawa tena, yeye bado kashika viatu.