Diski ya Kwanza

Nilitaka kompyuta yangu iwe na mifumo miwili: Windows kwenye diski ya zamani, Linux kwenye diski mpya, kila mmoja nyumbani kwake. Ili zisigusane, nilichomoa ile ya zamani, kisha nikaweka Linux kwenye mpya. Nikawasha. Linux tu! Windows haikuonekana, wala picha za arusi yetu zilizokuwa humo. Nikalaani umeme, nikamlaani muuzaji wa diski, nikamlaani hata paka.

Mama, aliyekuwa akichambua sombe, yale majani ya muhogo, huku ananitazama tangu mwanzo, akauliza:

“Ile ya kwanza, ulitosha?”

“Ndiyo, mama, niliichomoa.”

“Na ulirudisha?”

Nikageuka: bado ilikuwa mezani.

“Njo vile baba yako alifanya. Alinirudisha kwetu Maniema, ati bibi mupya azoee nyumba kwanza. Na yeye alisahau kuja kunitwaa.”