Pingamizi la Vatsala

Indumati Raut alipiga chapa nje ya ofisi ya wilaya ya Karanjwadi kwa miaka thelathini na mmoja. Alianza na taipureta ya Kimarathi, lugha ya kwao, na vidole vyake vikazijua herufi zilipo kama ulimi unavyoyajua meno. Alikuwa mjane asiye na mtoto, mtu wa ibada. Hakugusa mashine kabla ya kumwashia mungu wake Vithoba taa. Wakulima wa pamba walimpenda kwa sababu hakuwafanya wajione wajinga. Ulisema, naye akakuandikia ulivyosema, ila kwa adabu.

Taipureta zilipokufa alinunua kompyuta, akawekewa programu ya Kimarathi iliyofuata mpangilio uleule wa taipureta. Vidole havikujua kama kuna kilichobadilika. Karatasi zilitoka, zikagongwa mihuri, maisha yakaenda.

Kisha ofisi ikazikataa karatasi. Maombi yote yatumwe kwa mtandao, ikasema, tena yaandikwe kwa programu mpya ambayo herufi zake husomeka kwenye kompyuta yoyote. Fundi akaja akamwekea, akamwonyesha kitufe cha kuhama kutoka ya zamani kwenda mpya, akaondoka. Indumati alijaribu. Herufi zote zilikuwa zimehama makwao. Nusu ukurasa ulimlia saa nzima, na watu wamepanga foleni juani. Devidas Ingle, mpiga chapa wa meza ya pili, alikuwa anataabika na hiyohiyo.

"Dada Indu, tumekuwa kuku," alisema. "Tunadonoa, tunadonoa, wala hatushibi."

"Wewe donoa, kaka. Mimi nina watu hapa."

Akarudi kwenye ya zamani. Kwenye kioo chake Kimarathi kilionekana kilekile, safi. Na ile mpya si imo ndani ya mashine? Aliona yatosha, kama mgonjwa aliyenunua dawa akaiweka kabatini.

Wiki hiyo ndipo alipokuja Vatsala Chaware wa Sonvihir. Bwawa lilikuwa linajengwa, na maji yangefunika kijiji; wenye nyumba walipewa mpaka Ijumaa kuleta pingamizi. Asiyepinga, amekubali. Vatsala alizungumza sana siku ile. Alitaja kisima alichochimba marehemu mumewe kwa mikono yake, na mtoto wao wa miezi mitano aliyezikwa nyuma ya zizi. Indumati aliyaandika yote, akatuma, na namba ya kupokelewa ikarudi papo hapo. Wakaagana na matumaini.

Miezi miwili baadaye Vatsala alirudi na barua mkononi: ofisi haikupata pingamizi lolote kutoka kwake, nyumba ihamwe. Indumati alimwacha kwenye benchi akaingia ndani na ile namba yake. Karani alikuwa mtu mpole. Alimgeuzia kioo, na Indumati akaona ukurasa mzima wa herufi za Kizungu zilizotapakaa, mabano na nyota, takataka tupu.

"Umetumia ile ya zamani, mama," karani alisema. "Kwako inasomeka. Ikifika huku inakuwa hivi."

Indumati alisihi aruhusiwe kuandika upya. Aliomba aonane na mkubwa, akaonana naye, na mkubwa akasema orodha imeshafungwa. Akatoka nje. Vatsala alimpisha nafasi kwenye benchi.

"Usijisumbue, dada. Wakubwa wakishaamua, hata wakisoma hujifanya hawakupata. Wewe yako ulifanya."

Indumati, ambaye hakuwa mtu wa uongo, akanyamaza.

Siku tano alishindwa kuwasha taa ya ibada. Angemwambia nini Mungu? Alipekua daftari lake, akakuta wengine kumi na wawili wa Sonvihir aliowatumia vilevile. Siku ya sita aliyanakili majina, la Vatsala likiwa la kwanza, akapanda basi la Sonvihir.

Alimkuta Vatsala juu ya ngazi, anateremsha vigae vya paa. Hakusubiri ashuke.

"Kosa si la ofisi, mdogo wangu, ni langu. Vidole vilikuwa vizito na foleni ndefu, nikakuandikia kwa ile ya zamani. Kule haikusomeka."

Vatsala alibaki na kigae mkononi.

"Habari za mtoto hawakuzisoma?"

"Hawakuzisoma."

"Na kisima?"

"Hata neno moja."

Alishuka polepole, akakiweka kigae juu ya vingine. "Mimi nilidhani walisoma, wakaona si kitu. Siku zote hizi nawachukia watu wa ofisini. Sasa nimchukie nani, dada? Wewe?"

Vatsala aliingia ndani, akamletea maji kwenye kikombe cha shaba, kama aletewavyo mgeni yeyote. Hakumtukana, wala hakumwambia amemsamehe. Alipanda ngazi tena, na mlio wa vigae ukaendelea.

Indumati alikunywa maji yale mpaka yakaisha. Kisha akaikunjua karatasi ya majina. La pili lilikuwa la mzee Kashinath, nyumba ya tatu kutoka pale. Akavuta ncha ya sari kichwani, akaenda kubisha hodi.