Macho ya Mwalimu wa Hesabu

Wiki iliyopita nilipita mbele ya shule yetu ya zamani, hapa mtaani Makomeno, nikakuta mlango wa darasa la mwisho uko wazi. Ndani mmejaa mifuko ya simenti, imepangwa mpaka dirishani. Nilisimama na kapu langu la mboga, nikajaribu kukumbuka ubao ulikuwa ukuta upi. Sikuweza. Lakini mwalimu nilimkumbuka, na ingekuwa heri nimsahau yeye, nikumbuke ubao.

Mwaka wa tano wa sekondari, tawi la hesabu na fizikia, tulikuwa saba tu: wavulana watano, mimi, na binti wa jirani yetu. Yeye na mimi tulikaa benchi moja tangu shule ya msingi. Alfajiri tulichota maji pamoja, kisha nikamwashia nyanya yangu mbabula, lile jiko la makaa, nikala bukari, yaani ugali, ya jana iliyochomwa, ngumu na tamu, huku daftari liko magotini. Nyanya hakupenda. Alizoea kusema: “Ukihesabu mbingu, bukari inaungua.” Na kweli iliungua mara nyingi.

Mwalimu wetu alikuwa mfupi, mwenye koti moja la kahawia ambalo mifuko yake ilikuwa myeupe kwa chaki. Alifundisha kwa Kifaransa kama inavyotakiwa, lakini akiona tumepotea alirudi kwenye Kiswahili chetu. “Fonction njo ile mashini ya kusaga,” alituambia. “Unatia mahindi, inatoka unga. Ile mahindi moja haiwezi kutoka leo unga, kesho muchanga. Na ukitia jiwe, mashini inakufa. Jiwe haiko mu domaine, mu vile vinaruhusiwa kuingia.” Tangu siku ile, nikitumwa kusaga, nilisimama kwenye foleni nikitabasamu peke yangu.

Tulipofika kwenye somo la pembe alitutoa nje, hadi kwenye tangi kubwa la maji. Tulikuwa na kipima pembe kilichofungwa uzi wenye nati ya chuma. Tulihesabu hatua, binti wa jirani akachungulia juu, akasoma pembe, akapiga hesabu akiwa amechuchumaa mchangani. Akapata mita ishirini na nne. Mlinzi mzee wa tangi akashangaa.

“Vingt-quatre mètres, njo vile. Mulijua namna gani, na hamukupanda?”

Binti alikung’uta mchanga mikononi. Tulipofika kwao akasema, kama mtu anayesema atakwenda sokoni, “Miye nitakuwa ingénieur.”

Mvua zilipoanza tuligundua kwamba mwalimu haoni tena vizuri. Alikuwa na ugonjwa wa sukari. Hatukumwambia mtu. Hesabu zote alikuwa nazo kichwani, kwa hiyo yeye alisema, na binti wa jirani akaandika ubaoni. Mwalimu alisikiliza chaki na kusema, “Umesahau minus.” Mara zote alikuwa sahihi.

Siku mkaguzi alipokuja, binti alikuwa amempeleka mama yake hospitali. Mwalimu aliniinamia, akaninong’oneza, “Leo njo weye.” Nilijua maana yake. Mbele ya mkaguzi ilimbidi aandike mwenyewe. Kazi yangu ilikuwa kumnong’oneza mahali palipo wazi ubaoni. Lakini mkaguzi alikaa karibu na mlango, nyuma yangu kabisa; neno lolote angelisikia.

Mwalimu aliandika mstari, kisha mstari wa pili juu ya ule ule. Alisimama, akageuza sikio kidogo upande wangu, akingoja. Nikaangalia daftari langu. Akaendelea. Chaki ikatoka ubaoni, ikaingia ukutani, sinus mraba jumlisha cosinus mraba, mwandiko mzuri juu ya rangi ya kijani. Hakuna aliyecheka. Mkaguzi aliuliza kwa sauti ya chini, “Monsieur, munaniona?”

“Ndiyo, ninakuona,” alijibu mwalimu, akiwa amegeukia dirisha.

Mwezi haukuisha akarudishwa nyumbani. Hakuletwa mwingine, tawi likafungwa. Wavulana walitawanyika. Mimi nilihamia tawi la ualimu. Binti wa jirani alikataa. Alisema atangoja mwalimu mpya, akabaki nyumbani kumwuguza mama yake.

Kila Jumatano tulikwenda kumsalimia mwalimu. Mke wake alitupa vigoda, na harufu ya sombe, majani ya muhogo, ilijaa sebuleni. Swali la kwanza la mwalimu lilikuwa lile lile: “Munafika wapi sasa?” Hatukumwambia kwamba tawi limefungwa. Binti wa jirani alisema, “Tuko ku logarithmes, Monsieur.” Na ili uongo huo usimame, alisoma wiki nzima katika kitabu kichakavu cha kuazima, peke yake, kisha akamweleza yote. Mwalimu alimsahihisha akichora kwa kidole hewani.

“Na ule mupya, anafundisha muzuri?”

“Muzuri, Monsieur.”

“Kunipita?”

“Hapana.”

Mwalimu alifariki kabla kiangazi hakijaingia, akiamini kwamba darasa lake limefika kwenye somo la limites. Baada ya kilio kitabu kilirudishwa kwa mwenyewe. Binti alipelekwa Kasenga kwa wajomba zake, akaolewa huko.

Mwaka jana nilikwenda Kasenga nikamkuta sokoni, anauza samaki wakavu. Tulikumbatiana, tukaulizana watoto. Nikamwuliza kama bado anakumbuka logarithmes.

“Miye sikumbuke tena, dada. Nilijaribu kufundisha mutoto wangu, ikakataa. Ilitoka yote.”

Alisema bila huzuni, akifukuza nzi. Hakuna anayetuuliza habari za tawi lile. Wale wavulana watano sijui waliko, na kaburi la mwalimu sitaliona tena kati ya makaburi mengi. Kitu pekee kilichobaki cha mwaka ule ninacho mimi, na si kitu cha kumpa mtu.

Aliponifungia samaki, akasema polepole, “Kama nilikuwako ile siku ya mukaguzi, pengine tulimaliza.”

Hakuwahi kujua kwamba mwalimu aliniomba nimwongoze. Hapo ndipo ningemwambia.

“Hata ungekuwako,” nilimjibu, “ingekuwa vile vile.”

Aliniangalia, akaitikia kwa kichwa taratibu, akaniamini.