Ubatizo wa Jumatano

Huku Nakwa wakitaka kunikejeli wanasema, "Yule bibi wa kanisa la mbaazi." Sikasiriki, naitika. Mtu akikuita kwa kazi ya mikono yako hajakutukana.

Na ni kweli. Sisi tunasali tumekaa juu ya turubai, tunachambua mbaazi. Jumamosi hii ni mbaazi zangu, Jumamosi ijayo ni za jirani, na mbaazi zikiisha kuna mahindi ya kupukuchua na maharage ya kuchagua mbegu. Mjukuu wangu anasoma Biblia kwa sauti, maana mimi niliishia darasa la pili na macho nayo yamechoka. Akisoma mstari mmoja mtu anauliza, mwingine anajibu, mwingine anabisha, na mikono inaendelea. Hakuna anayesinzia. Kanisani nilikokaa miaka yangu yote nimeona watu wakilala wamekaa wima, Biblia mapajani.

Sikuanzisha jambo hili kwa kupenda. Nilikuwa mzee wa kanisa, tena mkali. Kazi yangu ilikuwa kujua nani mgonjwa, nani kagombana na mumewe, nani ameacha kuja. Na ilikuwepo kazi moja ambayo wenzangu walikuwa wakiikwepa, mimi nikaifanya bila kukwepa. Binti akizalia nyumbani kwao, mzee wa kanisa wa mtaa humfuata Jumapili asubuhi, huingia naye ibada imeshaanza, na kumkalisha benchi la mbele peke yake. Jumapili tatu. Ya tatu anasimama na kuungama mbele ya watu, ndipo anarudishwa kundini na mtoto wake anaweza kubatizwa. Wale vijana waliowapa mimba sikuwahi kumwona hata mmoja kwenye lile benchi. Wala sikuuliza.

Halafu ikaja zamu ya nyumba yangu. Mjukuu wangu huyu nimemlea mwenyewe tangu mama yake afariki, nikamsomesha ushonaji. Akapata mimba. Kijana mwenyewe akasema anahitaji muda wa kufikiri, akaenda kufikiria Mererani kwenye machimbo, na mpaka leo hajamaliza kufikiri. Mtoto akazaliwa, wa kike, mzima, ana sauti ya kuita watu mpaka Singe. Siku arobaini zilipopita nikamwambia mjukuu wangu, "Jumapili hii tunaanza benchi."

"Bibi, sikai."

"Utakaa. Na mimi ndiye nitakayekupeleka. Unataka watu waseme mzee wa kanisa amemficha wa kwake?"

"Kumbe ni watu."

"Unasemaje?"

"Nilidhani ni Mungu anayetaka nikae. Kumbe ni watu watakaosema."

Nikamwambia afunge mdomo akaoshe vyombo. Vyombo aliviosha, lakini mdomo haukufungwa. "Niambie mmoja tu aliyekaa lile benchi akatoka mzima."

Hapo nikaona nimempata. Nikamtajia jirani yetu, yule mama anayekaanga maandazi pale njia panda. Nilimpeleka mimi mwenyewe kwenye benchi akiwa binti. Leo ana nyumba yake, ana heshima zake, mwanawe ni fundi ujenzi anayetegemewa. "Kamuulize yule," nikasema. "Atakuambia."

Akaenda siku ile ile. Akarudi na maandazi kwenye gazeti, akayaweka mezani. "Amesema uende mwenyewe."

Nikajifunga kitenge nikaenda. Nilimkuta ameinamia karai la mafuta.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Umemwambia nini mtoto wangu?"

"Sijamwambia kitu. Nilitaka nikuambie wewe." Akageuza maandazi yote kwanza. "Unakumbuka ulinishika wapi?"

"Nilikushika?"

"Hapa, juu ya kiwiko. Tangu mlangoni mpaka benchi. Uliogopa nitakimbia. Mama, nilikuwa na kidonda cha uzazi, ningekimbilia wapi?"

Akaendelea kwa sauti ile ile, kama mtu anayehesabu maandazi. "Nikakaa Jumapili zote tatu. Nikaungama kama mlivyonifundisha. Halafu mwanangu mkambatiza Jumatano."

Nikamwambia huo ndio ulikuwa utaratibu. Watoto wa namna ile hawakubatizwa Jumapili pamoja na wengine.

"Najua utaratibu. Kanisa tupu. Mlinzi anafagia chini ya viti, mchungaji ana haraka ya kuwahi msiba Dareda. Nikasubiri waimbe. Nikadhani labda kwaya imechelewa."

Maandazi mawili yakaungua. Hakuyatoa, na mimi sikumwambia.

Njiani kurudi nikamkumbuka mama yangu. Kule juu Mbulu nilikozaliwa, alinisimulia, zamani binti wa namna hiyo alifukuzwa mpaka ng'ambo ya mpaka wa eneo letu, akazalie huko. Na nyumba yao inafungiwa: hamna wa kuwapa moto, hamna wa kuwaazima jembe, mpaka watakaswe. Ilipokuja dini tukaambiwa hilo ni giza, tuliache. Tukaliacha, na mimi nilijivuna kwamba tumeliacha. Kumbe tuliliacha mlangoni, likatutangulia ndani, likakaa benchi la mbele. Na aliyelishika mkono kulikalisha ni mimi.

Jumapili ile sikumpeleka mtu. Nilikwenda mbele ya baraza la wazee, nikawaambia mjukuu wangu hatakaa, na binti mwingine yeyote sitamkalisha tena.

"Mama," akasema mzee mmoja, rafiki yangu wa siku nyingi, "si ulikuwa unatuambia sheria ni ya wote?"

"Nilisema. Basi nimewakosea wote."

"Na mtoto? Abaki bila ubatizo kwa ajili ya kiburi cha bibi yake?"

Hilo lilinichoma. Mimi naamini ubatizo. Siwezi kukaa na mtoto nyumbani ambaye hajaletwa kwa Mungu, na sikutaka aletwe kama mzigo wa kupitishwa mlango wa nyuma siku ambayo hakuna mtu. Nikarudisha ufunguo wa stoo ya kanisa na kitabu cha mtaa, nikatoka. Wiki mbili mtaa mzima walinisalimia kwa mbali kama nina surua.

Jumamosi ya tatu yule mama wa maandazi akaingia getini na gunia la mbaazi kichwani. "Nimekuja tuchambue."

"Kwangu?"

"Kwako ndiko nilikokuwa naogopa kupita. Nimechoka kuzunguka."

Tukatandika turubai. Nikamwomba msamaha pale pale, mbaazi zikiwa mkononi, maana ningengoja kuandaa maneno nisingesema. Akachambua ungo mzima. Halafu akasema, "Hizi zina wadudu, tenga pembeni." Nikajua amenisamehe, au ameanza. Mjukuu wangu akaleta Biblia. Ndiyo ilivyoanza. Jumamosi iliyofuata akaja mama mmoja wa Mutuka aliyeachana na mumewe, na mzee mmoja mwenye wake wawili naye akaja, ambaye hajashiriki meza ya Bwana tangu nimjue. Kila mmoja na ungo wake. Watu walioona aibu kukaa kanisani hawakuona aibu kuchambua mbaazi.

Tulipofundishwa kipaimara tuliambiwa haja ikitokea Mkristo yeyote anaweza kubatiza. Nikawaambia watu wa turubai kwamba haja imetokea, na nimepanga siku.

"Jumapili ipi, Bibi?" mjukuu wangu akauliza.

"Jumatano."

Mama wa maandazi akainua uso akaniangalia. Nikamwambia, "Na wewe ndiye utakayemshika mtoto."

"Mimi? Msimamizi wa ubatizo?"

"Mikono si unayo?"

Jumatano ile waliacha kazi zao wakaja. Uwanja ukajaa mpaka kwenye mahindi ya jirani, na nikawakemea wasikanyage. Mwanawe yule fundi akaja na saruji kwenye suruali. Beseni nililiosha mwenyewe mara mbili. Nimezalisha wanawake, nimeosha maiti, maji ya beseni hayanitishi. Nikammwagia mtoto maji mara tatu na nikasema maneno yale yale niliyoyasikia maisha yangu yote. Mtoto akapiga kelele, na kabla sijafuta maji wakaanza kuimba. Mama wa maandazi alishindwa kuimba, alimkumbatia tu mtoto, midomo inacheza. Mwanawe akaimba ya kwake na ya mama yake, ile sauti ya chini. Ungedhani lori linapanda kilima. Waliokuwa wanapita barabarani wakashuka kwenye baiskeli.

Nimezaa, nimejenga, nimelima ekari zangu bila mume miaka mingi. Sijawahi kusimama wima kama siku ile.

Wiki iliyofuata mchungaji akaja na pikipiki yake. Ni kijana mwenye adabu, ningeweza kumzaa.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, baba. Kaa."

"Nimesikia umebatiza."

"Umesikia sawa."

"Ulitumia maneno gani?"

"Yale yale unayotumia wewe. Ungetaka nitunge mengine?"

Akacheka kidogo, akajizuia. Akasema basi ubatizo ni ubatizo, hawezi kuurudia, na yuko tayari kuuandika kitabuni. Ila wazee wanataka nifike mbele yao niseme nilikosea.

"Nitafika," nikasema. "Nitasema nilikosea nilipomshika yule mama mkono akiwa na kidonda cha uzazi. Na wasichana wengine waliomfuata. Hata lile benchi la mbele nitakaa, Jumapili zote tatu. La mtoto sikukosea."

"Mama, kosa hilo kwa utaratibu wetu halina benchi."

"Basi mkatengeneze."

Akachukua mbaazi kutoka kwenye ungo, akaanza kuzichambua bila kuambiwa. Anachambua vibaya, anaacha mawe. Baadaye akafuta mikono, akatoa kitabu kwenye begi. Akaandika jina la mtoto, la mama yake, la msimamizi. Penye baba akapiga mstari mfupi, hakuuliza.

"Siku ya ubatizo?"

"Jumatano," nikasema. "Andika kubwa, nione bila miwani."