Mchuzi wa Siku ya Zamu Yetu

Kupika kwenyewe hakunichoshi sana. Mikono ikizoea, inafanya kazi huku wewe unawaza mengine. Kinachonimaliza ni lile swali la kila asubuhi: leo wanakula nini? Nililijibu uhuru ulipokuja, nikalijibu mto ulipofungwa, nikalijibu wakati wa uasi, tulipojificha msituni ng'ambo na watoto wakawa wananitazama mikononi hata nikiwa nimekaa tu. Sasa wajukuu wanataka niwape mapishi. Wanataka vijiko na vikombe. Nikisema "tia mpaka itoshe" wanaguna, wanadhani nawaficha kitu. Wala si wao wa kwanza kunidhania hivyo.

Kwetu ni Yanonge. Sisi ni watu wa mto, samaki asubuhi, samaki jioni, Jumapili kanisani. Niliolewa Kisangani na fundi cherehani, mtoto wa nyumba ya Waislamu wa zamani, wale ambao babu zao walikuja na misafara ya biashara wakabaki. Nikasilimu, nikafundishwa kuswali, nikazoea mtandio. Yote hayo yalikuwa rahisi kuliko jiko la mama mkwe.

Katika nyumba ile mke wa mtoto alipikia kwenye moto wa mama mkwe mpaka siku mama mkwe mwenyewe atakapompa mafiga yake: mawe matatu yaliyotolewa kwenye maporomoko ya Wagenia, magumu, yasiyopasuka kwa moto. Kabla ya hapo huna jiko, na asiye na jiko hapangi chakula cha nyumba. Akiambiwa leo maharage, anachambua maharage. Mawe yangu yalikuwepo tayari, nyuma ya pipa la maji, na kuku walikuwa wamejifanyia pale mahali pao pa kulala. Kila nikienda kuchota maji nilikuwa nayaona. Mwaka ukapita, mtoto wangu wa kwanza akazaliwa, mawe bado ni ya kuku. Niliyataka mawe yale kuliko nguo mpya, na usiku nilikuwa namsumbua mume wangu juu yake mpaka anageukia ukutani.

Mama mkwe hakuwa mtu wa maneno mengi, na mapishi hakumpa mtu. Nikimwuliza kipimo cha bizari, ananyoosha kiganja na kusema, "Angalia." Kabla sijaangalia vizuri, kiganja kimeshafungwa na bizari imo chunguni.

Ramadhani ninayoikumbuka ilitukuta uhuru haujatimiza hata mwaka. Wakubwa wa huku na wakubwa wa Leo, mji mkuu, walikuwa wamegombana, meli zikaacha kupanda mto. Sukari ikaenda, mafuta ya taa yakaenda, mwisho ikaenda chumvi. Mchele ulikuwepo, maana unalimwa kwetu. Ndizi zilikuwepo, na ngazi, yaani chikichi, na samaki. Lakini jaribu wewe kula samaki bila chumvi siku baada ya siku, halafu uniambie kama hiyo ni futari au ni adhabu.

Mimi nilikuwa nanyonyesha, kwa hiyo sikufunga, na ndivyo nilivyokuwa ulimi wa nyumba. Sheikh alikuwa amewaambia wanawake kwamba kuonja kwa ncha ya ulimi na kutema hakuharibu saumu. Mama mkwe alisema ruhusa hiyo ni ya wavivu. Alikuwa akijisifu, na ndicho kitu pekee nilichowahi kumsikia akijisifia, kwamba tangu usichana wake hajapata kula mchana wa Ramadhani isipokuwa zile siku za wanawake, na hizo nazo zilikuwa zimeshamwishia. Basi naonja mimi, halafu yeye ananitazama usoni kwa mashaka.

"Ulimi yako iko ya mayi," aliniambia siku moja, yaani wa maji, hauna ladha. "Kila kitu unasema iko muzuri."

Mtaani kwetu kila nyumba ilikuwa na zamu ya kupeleka futari msikitini. Zamu ya baba mkwe ilikuwa imekaribia. Mama mkwe akaniita. "Bokilo," akasema, neno la Kilingala la kumwita mkwe, ambalo alilitumia moyo wake ukiwa umetulia, "siku ya zamu utapika weye. Kama batu bamekula muzuri, bon, tutaongea juu ya ile mawe."

Nilifurahi, kisha nikaogopa. Nitapika nini kwa wanaume wa msikiti mzima, bila chumvi? Niliuliza wenzangu sokoni, kila mmoja akanipa lake. Mmoja akasema ndimu inadanganya ulimi. Mwingine akasema pilipili nyingi, mtu akilia hatafuti chumvi. Nikajaribu yote mawili, na mume wangu, ambaye hula chochote, akasukuma sahani.

Aliyeniokoa ni shangazi yangu. Alipanda kutoka Yanonge kwa mtumbwi, na chini ya samaki wa moshi alikuwa na kifurushi cha majani. Ndani yake mlikuwa na chumvi yetu ya zamani. Majani yanayoelea mtoni yanakaushwa, yanachomwa, majivu yanachujwa kwa maji, na maji yale yanachemshwa mpaka yakauke. Kinachobaki ni unga wa kijivu. Mimi nililelewa nao. Nilipoulamba nikamwona marehemu mama yangu kabisa, nikalia pale pale, shangazi akanicheka.

Siku ya zamu nilipika mosaka, mchuzi mzito wa ngazi, na samaki wa shangazi ndani yake, na wali pembeni. Nilitwanga ngazi mwenyewe, nikakamua, nikachuja. Nikatia ile chumvi, nikaonja, nikaongeza, nikaonja. Ilikuwa tamu, tamu ya kwetu. Mtoto akaanza kulia ndani, nikaenda kumnyonyesha, na kwa uchovu nikasinzia naye kidogo.

Nilipotoka jua lilikuwa linazama. Mama mkwe alikuwa amesimama karibu na chungu, anasukutua, nikajua anatia udhu. Mbuzi alikuwa anatafuna maganda ya ndizi mbivu. Wala sikujiuliza kitu. Nani ana muda wa kujiuliza juu ya mbuzi saa ile? Tukapakua, vijana wakabeba, mimi nikakaa chini.

Sahani zilirudi zimefutwa. Baba mkwe alirudi akisema kwamba wazee wameuliza nani alipika. Hakuwa mtu wa kusifu, lakini usiku ule alinishukuru mbele ya watu. Nilimtazama mama mkwe. Alikuwa anapanga sahani, hakunitazama.

Sikukuu ikapita. Mawe hayakutajwa. Ila jirani yetu, mke wa mwuza nyama, akaja kutaka mapishi ya mchuzi ule, maana mume wake hakuacha kuuzungumzia. Nami sikumnyima. Nilimweleza hatua kwa hatua jinsi nilivyofanya, na chumvi yenyewe nikamkatia. Kesho yake alirudi na sufuria mkononi, ameshikwa na hasira.

"Ulinifichaka kitu!"

"Mama, sikuficha. Nilikuambia yote."

"Yote gani? Iko bichungu kama dawa! Bwana yangu ametema mbele ya bageni."

Nikachovya kidole, nikaonja. Kwangu ilikuwa sawasawa na yangu. Nikamwambia hivyo, na hapo ndipo nilipoharibu kabisa, kwa sababu alidhani namcheka. Kufika jioni mtaa mzima ulikuwa umeshajua kwamba yule wa mtoni ana mkono wa kupika lakini roho yake mbaya, anatoa mapishi nusu. Pale kisimani waliacha kunipa nafasi kwenye foleni. Nilichoka, jamani. Kupika vizuri kumeniletea maadui, na mawe bado kuku wanayalalia. Mama mkwe alisikia maneno yote akanyamaza. Kimya kingi kina mshindo mkuu, kwa hiyo nikawa nangoja mshindo.

Siku chache baadaye aliacha chai yake ya asubuhi. Nikadhani ameanza zile sita za Shawali. Mchana akaniambia, "Leo upike tena ile mosaka." Akaleta kigoda chake akakaa karibu na moto, tasbihi mkononi, na mimi nikapika huku mgongo unaniwasha, maana hakuwahi kukaa nami karibu vile. Nilipotia ile chumvi ya kijivu akainua mkono.

"Sasa chukua makemba mbili ya kuiva. Uponde, utie ndani."

"Ndizi mbivu, Mama? Kwa mosaka?"

"Chumvi ya kwenu iko bichungu. Weye hausikie, juu ulikomalia ndani yake. Sisi tunasikia."

Nikabaki na mwiko hewani. Nikamkumbuka mbuzi na maganda. "Mama, sasa ile siku ya zamu..."

Alihesabu punje za tasbihi yake kwanza. "Ulikuwa unanyonyesha mutoto. Nilisikia harufu, haikunipendeza. Batoto ba kuonja hawakuwa karibu. Donc, nilionja. Nilimeza. Nikatia makemba, nikaonja tena mpaka ikakuwa muzuri."

Jua la Ramadhani lilikuwa bado halijazama saa ile. Mwanamke ambaye hakukubali hata ncha ya ulimi alikuwa amekula mchana kwa sababu ya chungu changu. Angeweza kuacha nipate aibu yangu, na mawe yangebaki nyuma ya pipa, na hakuna mtu ambaye angemlaumu. Machozi yalinitoka, nikasingizia moshi.

"Basi leo si zile sita za Shawali?" nikamwuliza.

"Sita itakuja. Leo ninalipa ile moja."

Nikaponda ndizi, nikatia, nikakoroga mpaka mchuzi ukarudi kuwa mzito. Kwa mazoea ya kutoaminiwa nikachota kidogo na mwiko, nikamwelekezea. "Imetosha, Mama?"

Akausukuma mkono wangu. "Onja weye. Mi ninalipa siku moja. Sitaki kulipa mbili."

Nikaonja. Kwa ulimi wangu ilikuwa imezidi utamu, karibu kama uji wa mtoto. Nikajua kwamba kwa ulimi wao imetosha, nikaepua.

Jirani alipelekewa bakuli la mosaka jioni ile na ndizi mbili mbivu juu yake, na sikumwandikia wala kumweleza kitu zaidi. Adhana ilipolia mama mkwe alifungua kwa maji, akavuta sahani, akala polepole mpaka mwisho. Akanawa mikono. Kisha akaniambia niende nyuma ya pipa la maji nikafukuze wale kuku.