Neno Tulilolipigia Vigelegele

Mpaka leo nikivikumbuka vile vigelegele naona aibu, halafu aibu inageuka hasira. Tulikuwa wanawake wachambuaji kwenye kiwanda cha kukoboa kahawa pale Mbinga, kila mmoja na kiti chake mezani, tukitoa punje nyeusi, zilizovunjika na zilizotobolewa na wadudu. Mimi kwetu Liuli, ziwani, nimeolewa huku juu, na wenzangu Wamatengo hawakuchoka kunitania kwamba mikono yangu inanukia dagaa hata ndani ya kahawa. Wakati huo nilikuwa nimeshafiwa na mume. Kile kiti ndicho kilichokuwa kinasomesha wanangu.

Soko huria lilipoingia, kiwanda kikapata wenyewe wapya. Siku moja tukaitwa uani. Afisa utumishi, kijana mwenye tai, akasema kampuni imeamua kufanya ridandansi kwa wachambuaji wote wenye ajira ya kudumu. Akalitamka vizuri, akatabasamu. Sisi tulikuwa tumezoea kwamba bosi akitoa neno la Kiingereza, unapiga makofi. Tukapiga. Mmoja akatia kigelegele, wote tukamfuata. Jirani yangu wa mezani akaninong'oneza kwamba hiyo lazima ni posho ya sabuni. Yule kijana akatuacha tushangilie, hakutusahihisha. Kwa hilo sijamsamehe.

Jioni nikapita kwa mwalimu mmoja wa sekondari, tuliyepakana naye nyumba, nikamwuliza maana yake. "Pole sana, mama," akasema, kabla hata sijakaa. Akanieleza taratibu kama anavyoeleza darasani. Ridandansi siyo kufukuzwa. Anayefukuzwa ana kosa. Ridandansi ni kazi yenyewe imekwisha, kiti hakipo tena, kwa hiyo mwenye kiti anakwenda nyumbani. "Usije ukasema umefukuzwa," akanionya. "Hilo neno halitumiki hivyo."

Nililia palepale, mbele ya mkewe. Ila nitasema ukweli, ile maana ilinipoza kidogo. Kama kazi imekwisha, imekwisha, labda wanaleta mashine, nitagombana na nani? Mwisho wa mwezi tukaondoka. Sokoni watu wakitupa pole ya kufukuzwa, mimi ndiye niliyekuwa nawasahihisha: hatukufukuzwa, kazi ndiyo imekwisha. Mjinga mkubwa mimi.

Haukupita muda, akaja tarishi wa kiwanda mpaka mlangoni kwangu. Naombwa niende nikawaoneshe wasichana wapya namna ya kuchambua, maana kahawa yao imerudishwa, chafu. Nikamwuliza, wasichana gani tena? Akaangalia chini. "Vibarua wa kutwa, mama. Hawana mkataba."

Nilikwenda. Sikwenda kwa kuombwa, nilikwenda kuona kwa macho yangu. Meza ni ileile. Kiti changu, chenye mguu nilioufunga mwenyewe kwa kamba ya katani, kina mtu. Nikamfuata yule afisa nikamwambia, "Mwanangu, neno lenu nimefundishwa. Ridandansi ni kiti hakipo. Sasa kile pale ni nini?" Akasema hayo ni mambo ya kisheria, ni marefu, mimi niwaoneshe tu wasichana, nitapewa soda. Soda. Miaka yote ile ya kuinamia punje zao, soda.

Nikavuta gunia tupu, nikakaa kando ya msichana aliyekalia kiti changu. Alinyanyuka upesi. "Shikamoo, mama." Alikuwa ametoka Litumbandyosi, umri wa binti yangu wa pili, na alikuwa anatupa punje nzuri pamoja na mbovu. Nilikuwa nimekuja na matusi tayari mdomoni. Nikayameza, maana hayakuwa yake.

"Marahaba. Kaa," nikamwambia. "Kabla ya kahawa nikufundishe neno."

Nikamfundisha. Kwanza maana, kama nilivyopewa na mwalimu, kisha jinsi linavyotumika pale kiwandani: mwenye kiti anaondolewa, kiti kinabaki, anakalishwa wa bei rahisi. Alilirudia polepole mpaka akalipatia. Halafu akatazama meza nzima, wenzake wote wameinama, akaniuliza kwa sauti ndogo, "Mama, na mimi wataniambia lini?"

"Ukishaijua kazi," nikamjibu.